Ukwato wa Kulia wa Bi Harusi

Karakana ya Kwato,
Nyuma ya Ghala la Nafaka.
Jumatatu, tarehe 9 Machi.

Mpendwa kaka,

Ijumaa iliyopita, saa nne asubuhi, nimepoteza zizi la shule ya kupanda farasi. Farasi ishirini na wawili, kwato themanini na nane, kazi ya miaka saba, na imenitoka mkononi kwa sauti yako. Nimeona niliweke hilo mezani kwanza, usije ukasoma salamu zangu ukadhani nimekuandikia kwa sababu ya kukukumbuka tu. Sasa tusalimiane, maana tumelelewa nyumba moja na adabu tunayo.

Hujambo? Wifi hajambo? Mjukuu wenu ameshaota meno, au bado anawakesheza? Nilisikia kifua kilikusumbua wakati wa baridi, na kwamba umeacha sigara, au unasema umeacha. Kama umeacha kweli, hongera sana. Kama bado unajificha nyuma ya gari la kazi, ujue wifi anajua, ila anakusubiri useme mwenyewe.

Huku sote tu wazima. Mama anakula vizuri, analala vizuri na anagomba vizuri. Fundi viatu amembadilishia soli wiki iliyopita: kiatu cha kulia soli ya kawaida, cha kushoto imeongezwa sentimita moja na nusu, kama tulivyozoea kuona tangu tuko wadogo. Anatembea wima mpaka dukani na kurudi, akiwasalimia watu ambao hata hawajamwona. Anauliza kama bado unalala na soksi. Nimemwambia mtu mzima ana siri zake.

Utashangaa kwa nini nakuandikia barua wakati simu unayo. Simu nilikupigia mara tatu Ijumaa, hukupokea. Jumamosi ukanitumia alama ya dole gumba. Kaka, nimekutumia ujumbe wa maneno mia mbili, nikakueleza nimefukuzwa kazi, ukanijibu kwa dole gumba. Sikujua kama unanipongeza. Ndiyo maana nimerudi kwenye karatasi. Barua huwezi kuirusha mbele ukafika mwisho bila kupita katikati. Anakuletea binamu yetu muuguzi, anapanda ndege kesho, na Jumatano atakukabidhi mkononi. Nimemwambia asiondoke mpaka umeifungua.

Sasa nikueleze, maana nadhani hujui nusu ya ulichokifanya.

Mwezi uliopita mzazi mmoja wa wanafunzi alimwambia meneja kwamba miguu ya mbele ya Bi Harusi haifanani, kama amevaa viatu vya watu wawili. Bi Harusi ni yule jike mweupe, anayetembea kama anapigiwa picha. Ni kweli haifanani. Ukipima pembe ya uso wa ukwato kutoka ardhini, wa kushoto umelala kwenye digrii hamsini, wa kulia umesimama kwenye digrii hamsini na sita. Nimeushika mguu ule kila baada ya wiki sita kwa miaka saba, yaani mara sitini na kitu, na mara zote nimeuacha kwenye hamsini na sita. Farasi hajawahi kuchechemea hata siku moja. Anaruka, anabeba watoto, anabeba na wazazi wao wazito.

Meneja angeniuliza mimi, ningemjibu kabla chai yake haijapoa. Lakini yeye ni mgeni pale, amekuja mwaka jana, na picha yako iko ukutani ofisini kwake: wewe na baba, mmevaa aproni za ngozi, mmesimama kando ya fuawe ya kupigia chuma. Mimi pia nimo kwenye picha hiyo. Ni ule mkono unaoshikilia mguu wa farasi upande wa kushoto, mwili wote umekatwa. Basi akaona amuulize fundi mkubwa wa ng'ambo, anayefundisha wenzake. Akampeleka Bi Harusi mahali pa kuogeshea farasi, akapiga picha kwa simu, akakutumia.

Na wewe, bila kuniuliza, bila kumuuliza yeye, ukamjibu kwa sauti. Alinisikilizisha Ijumaa ofisini, nimesimama na aproni yangu kiunoni na koleo mkononi, tayari kuanza kazi. Sitaisahau. Ulisema, "Hizo kwato hazijalinganishwa. Dada yangu ana mkono mzuri, sikatai, ila jicho lake halikukaa sawa tangu zamani. Mtafuteni mtu azishushe zifanane." Halafu ukacheka kidogo. Nyuma yako kijiko kilikuwa kinagonga kikombe. Ulikuwa unakunywa chai.

Nilimwomba meneja anionyeshe hiyo picha. Akanionyesha. Kaka, wewe umefanya kazi katika zizi lile miaka kumi na moja. Nyuma ya farasi linaonekana bomba la bluu. Chini ya bomba la bluu kuna nini? Kuna mtaro. Na sakafu yote ya pale inateremkia kwenye mtaro ili maji yaondoke. Wewe mwenyewe ndiye uliyemlalamikia aliyeijenga, kwamba ameiteremsha mno, farasi wanateleza. Farasi kwenye picha ile amesimama mguu wa kulia juu na wa kushoto bondeni, na aliyepiga picha ameshika simu usawa wa kifua. Tofauti ya digrii sita inaonekana kama kumi na mbili. Hata mimi ningeshtuka. Lakini mimi ningesema, msogezeni farasi kwenye sakafu ya usawa kisha mnipigie tena.

Hakuna mtu mwingine angeweza kukosea hivyo. Mtu wa kawaida angeangalia picha akaona farasi mweupe, basi. Ni fundi wa kwato tu anayeweza kusoma digrii kwenye picha, na ni fundi aliyezoea kusikilizwa tu anayeweza kusahau kuuliza farasi amesimama wapi.

Meneja aliniambia kwa upole, sina ubaya naye. "Fundi, si kwamba nakudharau. Lakini kaka yako ndiye amesema. Nitafute nani zaidi ya huyo?"

Nikamuuliza, "Na hizo kwato zimeshashushwa?"

"Jumanne. Tulimwita Mluzi."

Mluzi unamjua, yule anayepiga mluzi tangu anawasha tanuri mpaka anafunga gari. Ni fundi mzuri. Misumari yake inatoka kwenye mstari mmoja kama imepigwa rula. Aliambiwa ashushe, akashusha, digrii sita zote kwa siku moja, kisigino cha ukwato wa kulia kikaenda chini. Sauti ya agizo ilikuwa yako. Nimekutana naye baadaye, nikamuuliza kwa nini hakunipigia. Akaniambia, "Dada, nimesikilizishwa kaka yako anasema kata. Mimi ni nani nisikate? Ungekuwa wewe, baba yenu amefufuka anakwambia kata, ungeomba maoni ya pili?" Nilicheka, ingawa sikutaka. Ana haki.

Nilipokuwa natoka Ijumaa na vifaa vyangu, nikapitia chumba cha Bi Harusi. Alikuwa amenyoosha mguu wa kulia mbele, ncha ya ukwato imegusa chini na kisigino kiko hewani. Wewe huhitaji nikufafanulie, lakini binamu ataisoma hii kwenye ndege, namjua, kwa hiyo namfafanulia yeye: ukimshushia kisigino farasi aliyezaliwa na ukwato uliosimama, kano ya nyuma ya mguu inavutika kama kamba ya kuanikia nguo iliyofungwa fupi. Hawezi kuweka kisigino chini. Nikamwambia mtunza zizi amtie majani mengi ya kulalia na asimtoe. Meneja akasema anazoea tu umbo jipya.

Jumamosi asubuhi hakuzoea. Alikataa kutoka chumbani. Wakamwita daktari wa wanyama, yule mama mrefu anayevaa buti za mpira hata kiangazi. Alipomaliza kumpapasa akauliza nani alikuwa anamvalisha viatu kabla. Akaambiwa. Akanipigia mwenyewe. "Njoo kesho na vipimo vyako vyote," akasema, "na mlete na huyo aliyekata, nataka kuwaona wote wawili mahali pamoja kabla hamjaanza kutukanana."

Hatukutukanana. Jana tumefanya kazi sote watatu, na nataka nikwambie ilikuwa kazi safi. Daktari akapiga eksrei. Mluzi akashika mguu, mimi nikatoa kiatu, msumari mmoja mmoja, kwa sababu ukikivuta chote kwa mkupuo unamvuta na farasi. Nikapima: hamsini kamili. Mluzi alikuwa amekata sawasawa na alivyoambiwa, hata nusu digrii hajakosea. Nikaweka kabari ya plastiki chini ya kisigino, imemrudishia digrii nne. Mbili zilizobaki zitarudi ukwato ukiota. Misumari sita badala ya minane, maana ukuta wa nyuma sasa ni mwembamba na sitaki kuutoboa bure. Mluzi hakupiga mluzi hata mara moja. Nilipokunja ncha ya msumari wa mwisho nikamwambia, "Sasa unaweza kupiga." Akasema, "Ngoja nione kwanza kama anasimama."

Akasimama. Alikaa akiuchezea ule mguu kidogo, kisha akauweka chini, kisigino na vyote, akashusha pumzi ndefu mpaka kifuani kwa Mluzi. Ndipo Mluzi akaanza wimbo wake wa siku zote, ule usio na mwisho. Daktari amesema wiki tatu za kupumzika, na hakuna kilichokatika.

Kwa hiyo usiandike kuniuliza kama farasi atapona. Atapona. Hilo nimeshalimaliza.

Lililobaki ndilo linalokuhusu wewe. Baada ya kazi tulikaa ofisini, chini ya ile picha yenu. Daktari akamweleza meneja kwamba kushusha kwa mkupuo ndiko kulikomuumiza. Meneja akasikia. Ila ni mtu makini, akauliza swali ambalo hata mimi ningeliuliza: "Sawa, imemuumiza kwa sababu ukwato umezoea kusimama. Lakini nani aliuzoesha? Amezaliwa nao hivyo, au ni fundi huyu amemkata vibaya miaka saba mpaka ukasimama?"

Daktari akaiangalia tena ile eksrei. Akajibu kwa haki: "Mfupa unaniambia umekaa hivi miaka mingi. Hauniambii ulianzaje. Hapo mtafute mtu aliyemwona akiwa mtoto."

Meneja akanigeukia. Nikamwambia nilikuwepo, mimi ndiye niliyemshika. Akasema, na hakusema kwa ubaya, "Fundi, wewe ndiye unayetuhumiwa."

Sasa hebu tuhesabu, kaka. Bi Harusi ana miaka minane. Wewe umeondoka miaka saba iliyopita. Alipokuwa na miezi mitatu nani alimsafisha kwato kwa mara ya kwanza? Baba alikuwa ameshakuwa na mgongo mbaya, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa anatoa maagizo. Mimi nilimkumbatia yule mtoto kifuani na kwenye makalio, wewe ukashika tupa. Ukapitisha mara mbili kwenye ukwato wa kulia, ukasimama, ukamtazama mama yake. Mama yake ulimvalisha viatu wewe mwenyewe tangu unaanza kazi. Ulikuwa na viatu vyake viwili vya mbele vimetundikwa kwenye msumari wake peke yake, kwa sababu cha kulia hakikuwahi kutoshea kushoto. Ukasema, "Huyu amerithi mguu wa mama yake. Usije ukaugusa huu, uache ulivyo." Uliniambia mimi. Ni neno la kwanza la kazi ulilowahi kuniambia mimi badala ya kumwambia baba, ndiyo maana nalikumbuka na wewe umelisahau.

Nimelishika neno hilo mara sitini na kitu. Hilo ndilo jicho langu ambalo halikukaa sawa.

Yule farasi mama amekufa. Baba amekufa. Mmiliki wa zamani aliuza akahama na hatujui aliko. Waliokuwepo siku ile ni watatu, na walio hai ni wawili, na mmoja anatuhumiwa. Hesabu hiyo hata mjukuu wako atakupigia.

Nisikufiche, nimeumia, na si kwa sababu ya zizi pekee. Baba alikufundisha wewe. Alikushika mkono, akakununulia aproni, akakuonyesha rangi ya chuma ikiwa tayari kupigwa. Mimi nilikuwa naitwa mkiwa na farasi mkorofi, nije nishike mguu. Nimejifunza kazi hii nikiwa nimeinama, nikiangalia kutoka chini ya tumbo la farasi. Ulipoondoka, watu wakasema karakana imefungwa. Nikaifungua Jumatatu iliyofuata. Farasi wa kwanza alikuwa mmoja, tena wa kuvuta mkokoteni. Leo nina sitini na mmoja, na hata ukitoa hao ishirini na wawili nabaki na thelathini na tisa, na wote wanakanyaga. Nina gari, nina tanuri la gesi, na fuawe ya baba imefungwa nyuma ya gari kwa minyororo miwili kwa sababu hakuna mtu atakayeiondoa tena mikononi mwangu. Silii njaa. Sililii huruma. Nalilia neno lako, ulilolitoa bila kufikiri, likamharibia mtu aliyekushikia miguu ya farasi miaka kumi na moja.

Mama amesikia ile sauti yako. Sikumsikilizisha mimi, ni dada wa jirani, mtoto wake anasoma shule ile ya farasi na mambo yanazunguka haraka. Mama akaisikiliza mara mbili. Akasema, "Mwanangu anapima farasi kwa simu. Basi mwambie anipime na goti." Kisha akainua mguu wa kushoto, akauangalia ule unene wa soli yake mpya, akaniuliza, "Na mimi angeniona kwenye picha angesema nikatwe upande gani?"

Swali lake nakuletea wewe. Umekua ukitembea nyuma ya mwanamke mwenye mguu mmoja mfupi. Umeona kiatu chake kikiongezwa kila mwaka. Hakuna mtu nyumbani kwetu aliyewahi kudhani tatizo ni ule mguu mrefu. Yaani sisi ndio watu wa mwisho duniani ambao tungetakiwa kukosea juu ya Bi Harusi.

Mambo mengine ni machache. Paa la chumba cha nyuma nimelirekebisha, maji hayaingii tena kwenye kitanda chako cha zamani, ukija utalala pakavu. Baba mdogo ameacha kuendesha lori la majani, macho yamechoka, sasa anakaa ghalani anawasumbua vijana wanaopakia. Mbwa wako yule mzee bado yupo, ingawa sasa anabweka akiwa amelala. Mwanao wa kike aliniandikia kuniuliza habari za kazi yangu, anataka kujua kama mwanamke anaweza kuifanya. Bado sijamjibu. Nitamjibu nikishajua baba yake anasemaje.

Ninachotaka si kikubwa. Uchukue simu, ile ile uliyotumia, na umtumie meneja sauti, sauti yako yenyewe, si ya kuandika na si ya kutumwa kupitia kwangu, maana ikipitia kwangu watasema nimekuomba. Umwambie ulihukumu kwa picha. Umwambie ile sakafu inateremka na wewe unaijua. Umwambie Bi Harusi alizaliwa na ukwato ule, kama mama yake, na kwamba wewe ndiye uliyesema usiguswe. Na lile neno la jicho langu ulitoe. Huna haja ya kunisifu. Sifa ninazo. Ukimaliza unywe chai yako.

Jumamosi hii, saa sita mchana, meneja anakutana na kamati ya wazazi kuamua nani atashika zizi. Mluzi ameshawaambia kwamba mimi nikirudi yeye hana neno, na nikikosa, hatashusha ukwato wowote tena bila kupima kwenye sakafu ya usawa. Nimeipenda. Kwa hiyo farasi wale watakuwa salama kwa njia yoyote ile. Mimi pia nitakuwa salama. Usipozungumza, nitaingia mkutanoni na kipima pembe changu na pimamaji, nitamwaga ndoo ya maji chini ya lile bomba la bluu mbele ya wazazi wote waone yanakokimbilia, na nadhani nitashinda. Lakini nitakuwa nimeshinda peke yangu, na nitajua nina kaka wa namna gani, na hilo sitaweza kulirudisha nyuma kwa kabari.

Msalimie sana wifi, umwambie kitambaa alichonitumia nimeshonea pazia la ofisi, kinapendeza na hakishiki moshi. Mbusu mjukuu kwa niaba ya bibi yake mdogo. Mwanao wa kike mwambie shangazi amepata barua yake. Mama anakusalimu, anakuombea kifua chako kipone na ulimi wako upate subira. Hivyo ndivyo alivyosema, sijaongeza wala kupunguza. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe mikono yenye nguvu mpaka uzeeni.

Sasa nijibu, kaka. Utamwambia meneja ukweli wa siku ile, au hutamwambia? Ni ndiyo au hapana. Usiniambie tutaongea, usinitumie picha ya mtoto, wala usinitumie dole gumba. Nangoja mpaka Jumamosi saa sita mchana, na ni saa za huku, usije ukanihesabia za kwenu.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na nisiyeachia mguu mpaka kazi iishe.